Anasoma vizuri kabisa, ila haelewi: tuongee kuhusu kusoma kwa lugha ya pili

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka ni yale yale, magrupu ya WhatsApp yanawaka, mmoja anasema watoto wa siku hizi vilaza, mwingine anasema walimu wenyewe Kiingereza hawakijui, wa tatu anasema Kiswahili ndo kinawaharibu, alafu kesho yake tunasahau mpaka mwakani. Mi huu mjadala nimeufuatilia muda mrefu na kuna kitu kimoja naona tunakiruka kila mara, nacho ni hiki: mtoto anapokuwa mbele ya kitabu cha lugha ambayo si yake, kichwani kwake kinatokea nini hasa? Kwa sababu hili swali watu wamelitafiti, na majibu yapo.

Nianze na kitu kilichonitokea nyumbani. Likizo ya mwezi wa sita mpwa wangu alikuja kututembelea Dar, yuko form one, kakulia Lushoto kwa bibi yake. Jioni moja nikamwambia hebu leta daftari la jiografia unisomee. Akasoma. Jamani, kasoma vizuri, hakukwama hata neno moja, sentensi yenyewe inasema mmomonyoko ni kuondolewa kwa tabaka la juu la udongo na "agents" kama maji yanayotiririka na upepo, yote kwa Kiingereza. Nikamuuliza kwa Kiswahili, sasa huo udongo unaondolewa na nini? Akaniangalia kidogo.

"Na maejenti, mjomba."

"Maejenti gani?"

"Si hawa wa kutolea hela?"

Hakuwa anatania. Neno "agent" analijua, analiona kila siku limeandikwa kwenye vibanda vya mtaani, kwahiyo alivyolikuta kitabuni akachukua maana aliyonayo akaipachika. Ukimsikiliza anavyosoma utasema huyu yuko vizuri. Ukimuuliza kasoma nini ndo unagundua hakuna kitu kilichoingia. Hapo hapo watu wengi wangesema hana akili, na mi nataka nieleze kwanini hiyo hukumu ni makosa makubwa.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Lugha ya kwanza ni ile uliyokulia nayo, inaweza kuwa Kisambaa, Kijaluo, Kiswahili, au mbili kwa pamoja. Lugha ya pili hapa namaanisha yoyote unayoikuta baadae na unatakiwa ufanyie kazi, kwa watoto wetu wengi hii ni Kiingereza cha shuleni. Na neno "kusoma" lenyewe lina vitu viwili ndani yake ambavyo Kiswahili chetu kinaviita kwa jina moja. Cha kwanza ni kugeuza herufi kuwa sauti, yani unaona b na a unasema "ba". Cha pili ni kupata maana, yani baada ya kutamka ujue kimesemwa nini. Mwaka 1986 watafiti wawili, Gough na Tunmer, waliliweka hili kama hesabu ya kuzidisha: kuelewa unachosoma ni uwezo wa kusimbua herufi mara uwezo wa kuelewa lugha yenyewe. Angalia vizuri, ni mara, sio kujumlisha. Ukiwa na mia upande mmoja na sifuri upande wa pili jibu ni sifuri. Ni kama ugali, hata uwe na gunia zima la unga, bila maji hamli.

Kama unaona hii ni nadharia tu, fikiria watoto wetu wanaosoma chuo, madrasa namaanisha. Mtoto wa miaka tisa kamaliza juzuu kadhaa, anasoma Kiarabu kwa tajwidi safi, sauti inapendeza mpaka wazee wanatikisa vichwa, lakini ukimuuliza maana ya aya atakwambia hiyo bado, ni mpaka sheikh afundishe tafsiri. Na hakuna anayemuita mjinga. Wote tunaelewa kwamba kusoma anajua na maana ni somo lingine linalokuja na muda wake. Sasa kwanini mtoto huyo huyo asubuhi akienda sekondari akasoma Kiingereza bila kuelewa tunamuita kilaza?

Na Kiswahili kinatudanganya zaidi kwenye hili kwa sababu maandishi yake yamenyooka sana, herufi ikiandikwa ndo inavyotamkwa, mtoto akishajua silabi zake za ba be bi bo bu anaweza kukusomea gazeti zima, hata ukurasa wa mahakama. Tumezoea kwamba akitamka vizuri basi anaelewa, kwa sababu kwenye lugha yake mara nyingi ni kweli. Tunapeleka mazoea hayo hayo kwenye Kiingereza na hapo tunapotea.

Hebu fanya jaribio dogo. Soma hii sentensi niliyoitunga, usiruke:

Baada ya mizebu kuchefwa, mkurami alibwenya viraju vyote akavisudika kwenye dobezi.

Haya, maswali. Nani alibwenya viraju? Mkurami. Alivibwenya lini? Baada ya mizebu kuchefwa. Akavisudika wapi? Kwenye dobezi. Umepata tatu kwa tatu, hongera, ila niambie sasa huyo mkurami alikuwa anafanya nini? Hujui, na hata mi sijui, maneno nimeyabuni. Umejibu kwa sababu sarufi ya Kiswahili unayo kichwani, unajua m- ni mtu na vi- ni vitu, ukahamisha maneno kutoka kwenye sentensi ukayaweka kwenye jibu. Sasa watoto kibao wa sekondari wanaishi hivi kila siku. Mwalimu anauliza swali, mtoto anatafuta neno la kwenye swali ndani ya paragrafu, anakopi sentensi nzima, anapata vema. Akifika kwenye mtihani ambao swali limeulizwa kwa maneno mengine kabisa anaachia nafasi wazi, mzazi anashangaa mbona daftari lina vema nyingi.

Tupande ngazi kidogo. Je, unatakiwa ujue maneno mangapi ndo uelewe ukurasa? Watu wengi wanadhani ukijua nusu au robo tatu inatosha, mengine utakisia. Soma hii:

Jumamosi mama alienda sokoni kununua mbarasi. Alipofika akakuta bei imekwenga, akamuuliza muuzaji kwanini. Muuzaji akasema magari ya mizigo yamebwigika njiani kwa sababu ya zepu, na kilichofika leo ni kirobe tu.

Hapo kuna maneno 30 na niliyoficha ni 5. Yani unajua zaidi ya asilimia 80 ya paragrafu. Unapata picha, bei imepanda, magari yamekwama, mzigo ni kidogo. Lakini mama alienda kununua nini? Na magari yamekwamishwa na nini, mvua, msako wa polisi, ajali? Hujui. Na hata hiyo picha uliyoipata imetoka kwenye maisha yako, sokoni umeshaenda mara elfu. Ingekuwa paragrafu ya figo inavyochuja damu ungeambulia patupu.

Watafiti walifanya jaribio linalofanana na hilo na wasomaji wa lugha ya pili. Mwaka 2000 Hu na Nation waliwapa wanafunzi hadithi ambayo baadhi ya maneno yake yamebadilishwa kwa maneno ya kubuni, wengine asilimia 80 ya maneno yanajulikana, wengine 90, wengine 95, wengine yote. Kwenye 80 hakuna hata mmoja aliyeelewa hadithi kwa kiwango cha kuridhisha. Hitimisho lao ni kwamba ili usome mwenyewe bila msaada wa mtu unatakiwa ujue kama asilimia 98 ya maneno, yani katika kila maneno 50 likushinde moja tu. Alafu mwaka 2006 Nation huyo huyo akapiga hesabu kwamba kufikia hiyo 98 kwenye magazeti na riwaya za Kiingereza unahitaji familia za maneno kama 8,000 hadi 9,000. Familia ya maneno ni kama soma, msomaji, somo, someka, unahesabu moja. Vitabu vya shule vya kidato cha kwanza havihitaji maneno yote hayo, ila nadhani umeona ukubwa wa mlima ambao mtoto anaambiwa aupande mwezi wa kwanza akiwa amevaa yunifomu mpya.

Hapa niingize jambo ambalo mi binafsi naona walimu wengi tunalisahau. Maneno yanayomuua mtoto mara nyingi sio yale makubwa ya kisayansi. "Photosynthesis" mwalimu ataieleza, ataiandika ubaoni, atachora na jani. Maneno yanayoua ni yale madogo yanayounga mawazo, "unless", "whereas", "although", "despite", hayo hakuna anayeyafundisha kwa sababu kila mtu anadhani ni kazi ya mwenzake, wa bailojia anasema hiyo ya mwalimu wa Kiingereza, wa Kiingereza yuko na tenses. Na maneno ya kwenye maswali. Nakumbuka nikiwa form two pepa ya historia imeandika "account for" sijui kuja kwa Wareno pwani, nikakaa nikaitafakari ile "account", nikaona hii lazima inahusu mahesabu ya pesa, nikaandika ukurasa mzima kuhusu pesa za biashara ya pwani. Mambo ya kwanini Wareno walikuja nilikuwa nayajua yote, usiku nilikesha nayo. Nikapata sifuri. Imepita miaka mingi na bado inaniuma, kwa sababu ile sifuri haikupima historia.

Sasa ule ushauri maarufu wa "ukikuta neno gumu kisia kwa muktadha", sio mbaya, ila unafanya kazi pale tu ambapo hayo mengine yanayolizunguka unayajua. Kukisia neno moja katikati ya 49 unayoyaelewa ni rahisi. Kukisia neno katikati ya mengine kumi unayoyakisia pia, hiyo ni bahati nasibu. Kamusi nayo ina shida yake, kumbukumbu ya muda mfupi ni kama maji ya kwenye viganja, ukienda kutafuta neno la nne ukirudi lile la kwanza limeshavuja, unaanza sentensi upya, na ukurasa mmoja unakula saa zima.

Kuna swali wataalamu walibishana sana, na mwaka 1984 Alderson aliliuliza wazi: mtu akishindwa kuelewa anachosoma kwa lugha ya kigeni, tatizo ni kusoma au tatizo ni lugha? Jibu lililokuja kukubalika ni vyote viwili, ila kwa anayeanza, lugha ndo ina uzito mkubwa zaidi. Wanasema kuna kizingiti. Mtoto anaweza kuwa msomaji hodari wa Kiswahili, anajua kutafuta wazo kuu, anajua kubashiri kinachofuata, anajua kurudi nyuma akiona maana imekatika, lakini mpaka avuke kizingiti fulani cha lugha mpya ujuzi wote huo unakaa umefungiwa nje. Akishavuka, unaingia wote.

Na hiyo sehemu ya mwisho ni ya muhimu mno kwa sababu inagusa ile imani kwamba Kiswahili kinamharibia mtoto Kiingereza. Mtafiti Jim Cummins wa Canada tangu mwishoni mwa miaka ya 70 amekuwa akionyesha kwamba ujuzi wa kusoma ulioujenga kwenye lugha ya kwanza unahamia kwenye ya pili, ni kama visima viwili vinavyochota kwenye mkondo mmoja chini ya ardhi. Mtoto mwenye msingi mzuri wa kusoma Kiswahili ana mtaji. Kumvisha mtoto kibao shingoni kwa sababu kaongea lugha ya nyumbani, ambacho wengi wetu tumekivaa huku Tanzania na Kenya pia, hakumuongezei neno hata moja la Kiingereza, kunamfundisha kunyamaza.

Cummins huyo huyo ndo aliyetenganisha lugha ya maongezi na lugha ya darasani. Akiangalia watoto wa wahamiaji huko Canada aliona kuongea na wenzao wanakuwa fasaha ndani ya kama miaka miwili, lakini kuwafikia wenzao kwenye Kiingereza cha vitabu inachukua miaka mitano mpaka saba, tena hao wanaishi kwenye Kiingereza asubuhi mpaka usiku. Kwahiyo wazazi wa watoto wa English medium nanyi msijisahau, mtoto kukujibu kwa Kiingereza cha katuni hakumaanishi anaelewa kitabu cha sayansi. Na huyu wa shule ya kata anayepewa kozi ya wiki kadhaa mwanzoni mwa form one ili ahame kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza kwenye masomo yote, kweli tunategemea nini?

Kuna kitu kingine kinachochangia kuelewa ambacho hakiko kwenye ukurasa kabisa, ni kile unachokijua kabla hujafungua kitabu. Mwaka 1988 Recht na Leslie huko Marekani walichukua wanafunzi, wakawasomesha habari ya mechi ya besiboli. Waliosoma vibaya ila wanaujua mchezo waliielewa ile habari kuliko waliosoma vizuri ila mchezo hawaujui. Huku kwetu mpe mtoto aliyekulia na Simba na Yanga habari ya mpira, hata kama darasani wanasema ni mzito atakueleza mpaka nani alikuwa ameotea. Na mwaka 1979 Steffensen na wenzake waliwapa Wahindi na Wamarekani barua mbili, moja ya harusi ya Kihindi moja ya harusi ya Kimarekani. Kila mtu alisoma ya kwao haraka zaidi na kukumbuka mengi zaidi. Kwenye ile ya Kimarekani bibi harusi kavaa gauni la bibi yake, kwao hiyo ni heshima, lakini msomaji mmoja wa Kihindi akaona ni kasoro, kwamba gauni lilikuwa limepitwa na fasheni. Maneno yote aliyajua. Alichokosa ni ile desturi nyuma ya maneno, kama ambavyo mgeni akisoma bibi harusi kafanyiwa singo anaweza kujua ni sherehe tu asijue imebeba nini.

Sasa kwetu Tanzania, haya yote hayakugunduliwa jana. Mwaka 1978 Penina Mlama na May Materu walifanya utafiti kwa ajili ya BAKITA, yani Baraza la Kiswahili la Taifa, wakakaa madarasani, wakaona mwalimu akiuliza kwa Kiingereza darasa kimya, akiuliza kwa Kiswahili mikono inapanda. Mwaka 1982 Tume ya Makweta, ile tume ya rais ya elimu, ikapendekeza sekondari zihamie kwenye Kiswahili, haikufanyika. Mwaka 1984 wakaja Waingereza wawili, Criper na Dodd, wakapima, wakasema ni kama asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa kwenye kiwango ambacho mtu angetegemea kuanza kusoma kwa Kiingereza, yani kuanza, na hawa wanamaliza. Na bado ripoti hiyo hiyo ikapendekeza Kiingereza kiendelee. Kuanzia 2002 mradi wa LOITASA, wa utafiti wa lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini, ukafundisha madarasa ya sekondari mada zile zile, wengine kwa Kiswahili wengine kwa Kiingereza, na wa Kiswahili wakaelewa zaidi.

Mi sio kwamba nasema Kiingereza kitupwe, nakitaka na wanangu nawatakia wakijue vizuri kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba kuijua lugha na kufundishiwa kwa lugha hiyo ni mambo mawili, na mtoto anaweza kuzama kwenye la pili bila kulipata la kwanza.

Kinachosaidia kinajulikana pia. Fiji, visiwani huko, mwanzoni mwa miaka ya 80 watafiti Elley na Mangubhai waliingia shule 8 za vijijini ambazo vitabu vilikuwa vya kuhesabika, wakapeleka vitabu 250 vya hadithi za Kiingereza kwa kila darasa, vya kuvutia, vyenye picha. Watoto 380 hivi wa darasa la nne na la tano. Baada ya miezi 8 watoto hao walikuwa wamepiga hatua ya kusoma na kusikiliza mara mbili ya mwendo wa kawaida, kuwashinda waliobaki na masomo ya sarufi. Hadithi rahisi, nyingi, ambazo mtoto anajua karibu maneno yote. Mzazi akinunua kitabu kigumu ili mtoto "ajifunze zaidi" anamrudisha kwenye ile paragrafu ya mbarasi na zepu. Rwanda nao wamejaribu vitabu vya kiada vyenye sentensi fupi na maneno magumu yametafsiriwa Kinyarwanda pembeni, darasa linajadili kwanza kwa lugha yao ndo linaandika kwa Kiingereza, na matokeo yakawa mazuri. Hiyo ya kujadili kwanza hata wewe nyumbani unaiweza, haina gharama.

Ndo nilichofanya na mpwa wangu. Nikafunga daftari, nikamwambia nieleze kwa bibi mvua kubwa ikinyesha shamba linakuwaje. Akaanza pole pole alafu akachangamka, akasema kule mteremkoni maji yanashuka mekundu, mwaka juzi yalibeba matuta yote ya viazi mpaka bondeni, na babu alipanda matete pembeni ili kuzuia, na kiangazi upepo unapuliza vumbi la juu pale palipofyekwa. Mmomonyoko wote alikuwa nao, na darasa la sita alishausoma kwa Kiswahili akapata vizuri. Nikamwambia sasa hayo maji na upepo ndo kitabu kinaita "agents", maana yake vitu vinavyofanya hiyo kazi. Akacheka mpaka akaweka mkono usoni. "Kumbe mjomba!"

Nikampa kalamu aandike mwenyewe kwa Kiingereza chake bila kuangalia daftari. Akaandika mistari mitatu, wa kwanza unasema "Water and wind remove the soil on top in the farm of grandmother". Nikamwambia aendelee.